Sampo Haifichwi

3 Machi

Kuta zimeanza kutoka jasho. Kila mwaka Guangzhou inatufanyia hivi kabla ya mvua zenyewe: sakafu ya korido inalowa bila mtu kumwaga maji, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu ungali mezani. Daftari hili nilipewa na kiwanda cha mabegi kama zawadi ya mwaka wao mpya. Kurasa zimejikunja kabla sijaandika neno. Nimeona nisilitupe.

Mama tulimzika Januari. Nasema tulimzika, lakini mimi sikwenda. Mizigo ya wateja ilikuwa kiwandani na viwanda vilikuwa vinakaribia kufunga. Nilituma hela ya jeneza na turubai, mazishi nikayaangalia kwenye simu nikiwa soko la nguo la Liuhua, katikati ya mabando ya suruali za jinzi. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Watu wananiambia pole, nami najibu, "Asante, nimeshapoa." Na kweli nimepoa, kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

4 Machi

Jasho la kuta. Nimepeleka mashati kwa mpakiaji. Basi.

5 Machi

Derick amefika. Ni mtoto wa baba mdogo Nikodemu, kule kwetu Mbarali, na ni katibu wa wakulima wa skimu ya mpunga. Kaja na karanga kilo mbili na maswali gunia zima. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mpaka saa hizi amenichosha tu. Kwa nini lifti haina ghorofa ya nne? Kwa nini muuza samaki anapiga kelele hivyo, amegombana na nani? Nimempa godoro na chai.

Ametumwa na wenzake atafute dawa ya kwelea kwelea. Si sumu, maana sumu inaua na samaki wa mfereji. Wanataka kifaa cha kuwafukuza tu.

"Dada, ndege wametushinda," anasema. "Wakitua, hujamaliza hata kupiga debe moja, mpunga umebaki makapi. Mwaka jana mama zetu walikaa shambani kutwa wanapiga kelele mpaka sauti zikakauka."

Mama alikuwa mmoja wao. Derick hakumtaja, nami sikuuliza.

8 Machi, Jumapili

Baada ya misa tulikwenda ofisini kwa Pierre, pale Dengfeng, mtaa wa Waafrika, juu ya duka la nywele. Pierre ni Mkongo, wakala wa mizigo. Zamani alisoma sheria Lubumbashi na hajawahi kutuacha tusahau. Kila Jumapili ya pili ya mwezi anawafundisha wageni haki zao wakisimamishwa na polisi. Mimi huenda kwa ajili ya chai.

"Ya kwanza, hautakimbia," anasema akihesabu kwa vidole. "Ya mbili, passeport iko ku mwili yako, haiko ku hoteli. Ya tatu, uko na droit ya kuomba police akuonyeshe carte yake, mais kwa heshima. Ya ine, haujue Kichina, unaomba interprète. Ya tano, usisaini kitu hauelewe. Hata wakikuambia ni bintu kidogo. Jamais."

Halafu huwa tunaigiza. Mimi napewa kofia ya Pierre nakuwa polisi, kwa sababu wanasema nina sura ya kununa. Wageni wengine wanacheka wanapopita mbele yangu. Derick hakucheka. Alisimama wima kama mtoto wa kipaimara, akasema kwa Kichina sentensi aliyofundishwa, tafadhali nionyeshe kitambulisho chako, akairudia mpaka Pierre akampigia makofi.

Nikamtania, "Huyu atatuletea cheti."

"Dada, haki usiyoijua ni ya mwenzako," akanijibu.

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Miaka saba nimekaa mji huu na haki yangu kubwa imekuwa kutoa pasipoti haraka na kuinamisha kichwa. Haijanitupa. Pierre ni msemaji, namwona hivyo siku zote. Anapenda kusikia Kifaransa chake mwenyewe.

10 Machi

Manyunyu. Derick kaniuliza nyama ya hapa imechinjwa na nani.

11 Machi

Hakuna kitu.

14 Machi

Amekipata kifaa chake. Kwenye soko la vifaa vya umeme kuna laoban mmoja, ndivyo tunavyowaita mabosi wa maduka, anauza taa za kufukuzia ndege. Unaiwasha, mwali wa kijani unakwenda mbali sana, ukiuzungusha juu ya shamba ndege wanauona kama fimbo na wanaruka wote. Hakuna risasi, hakuna mlio. Ila imetengenezwa kwa umbo la bunduki kabisa: ina kitako, ina mtutu, juu ina darubini ya kulengea. Derick aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa kubatiza.

Kiwanda hakitengenezi chini ya mia moja. Skimu ina uwezo wa sitini. Kwa hiyo nilimfundisha tunavyofanya wote. Ukipungukiwa, unabeba sampo, ile moja ya kuonyeshea, mkononi na kupita nayo Dengfeng, polepole, kila duka lenye Mwafrika ndani. Watu wataona, wataulizia, wenye wateja wa mashamba wataungana nawe mpaka mia itimie. Sampo haifungwi kwenye mfuko. Ukiifunga, mlinzi wa soko anadhani umeiba, polisi anadhani una magendo, na mwenzako hajui unauza nini. Risiti unaibandika kwenye kitu chenyewe mahali panapoonekana, usiulizwe mara mbili.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

Akaibandika risiti chini ya mtutu. Mahali pengine ingeziba swichi.

15 Machi, Jumapili

Misa. Mvua ya kwanza ya kweli. Derick kalala na sampo pembeni ya godoro.

16 Machi

Naandika kwa mpangilio, maana nisipoandika hivyo sitaelewa.

Nilikuwa Liuhua nahesabu mabando. Abdulwakil akanipigia. Ni Mpemba mwenye duka la simu pale Dengfeng, mtu wa utulivu, hajawahi kunipigia bila kunisalimu kwanza. Safari hii hakunisalimu.

"Dada Herieth, njoo. Mdogo wako kaangushwa."

Nilipofika walishamchukua. Abdulwakil alikuwa amesimama mlangoni kwake, miguu imelowa. Yeye ameona tangu mwanzo. Derick alipita na ile taa begani, anasalimia kila mtu, watu wakimtania, "Afande, karibu!" Mama mmoja wa Kikongo alishaahidi kumi. Hapo polisi wawili wakatokea upande wa ngazi za daraja la waenda kwa miguu, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Kijana akapiga kelele. Abdulwakil anajua Kichina: alikuwa anasema weka chini, weka chini.

Derick hakukimbia. Ya kwanza. Akasimama, akatabasamu, akasema ile sentensi yake ya kuomba kitambulisho, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Polisi akarudia kelele. Derick akadhani anaulizwa mali ni ya nani. Basi akaishusha taa kutoka begani na kuwaonyesha risiti.

Risiti iko chini ya mtutu. Kuionyesha lazima uinue mtutu.

"Wallahi nilifumba macho," Abdulwakil akasema. "Nilisema leo tunazika."

Watu walilala chini. Yule kijana hakutoa silaha, alijirusha akamkumbatia Derick kiunoni. Ngazi zilikuwa zinateleza, wakaanguka pamoja, Derick chini, mkono wa kulia ukiwa umegeukia nyuma. Abdulwakil anasema mlio wa mfupa aliusikia dukani kwake na redio imewashwa. Hawakumpiga, hilo nalo nimeambiwa na lazima niliandike. Wakamwinua, wakaichukua taa kwa glovu, wakaondoka naye.

Nilisimama pale nikitazama ngazi. Kulikuwa na karanga zimemwagika, zimelowa, zimeanza kuvimba. Nilijaribu kusikia uchungu, nikasikia baridi ya miguu tu. Jioni nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia Derick ameteleza kwenye ngazi.

17 Machi

Ubalozi wamechukua jina na namba ya pasipoti. Wamesema watafuatilia.

Asubuhi niliruhusiwa kumwona hospitali, kwa kuwa nilileta nguo na nilijua kuzungumza nao kidogo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mkono umewekwa plasta, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Pembeni yake yule polisi kijana, suruali bado ina matope ya jana, kiganja chake nacho kimefungwa bandeji. Wamekaa sako kwa bako kama watu waliosafiri pamoja.

Derick akaniamkia, "Shikamoo dada." Sauti haikutoka vizuri.

Akanieleza. Usiku walimpa maelezo asaini. Mkalimani alikuwa mtu wa kwenye simu anayeongea Kiingereza cha haraka. Alichoelewa ni kwamba karatasi inasema alielekeza silaha kwa askari na kukataa amri. Akikubali hivyo ni kosa la silaha, anaweza kufungwa, na hata akifukuzwa tu hatarudi China tena na jina lake litabaki hivyo. Asiposaini, hakuna aliyemwambia atakaa mpaka lini.

"Nimekataa," akasema. "Nimeomba mkalimani wa Kiswahili. Ya nne na ya tano."

Nikatazama mkono wake. Vidole vilikuwa vimevimba kama maandazi. Nikainama nikamwambia polepole, "Mdogo wangu, saini. Hapa mtu husaini akatoka. Kama ni kufukuzwa, utapanda ndege, utakwenda kwa mkeo. Makaratasi ya huku nani atayasoma Mbarali?"

Akauweka mkono wenye plasta juu ya goti.

"Dada, mimi ndiye katibu wa skimu," akasema. "Wakulima hawajui kusoma mikataba, wanasaini kwa sababu mimi nimesoma. Nikirudi nimesaini uongo kwa sababu mkono unauma, nitawaambia nini?"

"Utawaambia uko hai."

"Sikumwelekezea mtu kitu, dada."

Polisi kijana akasema muda umekwisha. Nilipoinuka Derick hakunipungia. Labda kwa sababu ya plasta.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Pierre. Nilimkuta anapima mabegi.

"Haki zako zimemvunja mtu mkono," nikamwambia. "Ulimfundisha kuomba kitambulisho akiwa ameshika kitu chenye mtutu."

Pierre akaweka mzani chini. Nilingoja Kifaransa. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika, kisha nikashuka ngazi. Nilikasirika kwa mdomo tu. Moyoni palikuwa kimya kama ghala Jumapili.

18 Machi

Nimekwenda kituoni. Uchunguzi unaendelea. Nimepewa kiti na maji ya moto.

Nilipotoka Pierre alikuwa nje kwenye mvua, chini ya mwavuli uliovunjika bawa moja. Tulisimama.

19 Machi

Mvua kutwa. Pierre amekuja tena na amekaa hadi wanafunga. Leo alisema jambo moja: "Nilisahau kuwafundisha mikono." Baadaye akaongeza, "Mi nilisoma droit ku chuo. Ku chuo watu wote wanakaa ku kiti, mikono iko mutupu."

Nilimpa nusu ya mkate wangu.

20 Machi

Baba mdogo amepiga. Ameambiwa ukweli na mtu wa Kahama aliyeko hapa. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, anakula?" Nikasema anakula. Akasema, "Basi mwambie asikubali asichokifanya." Kwa hiyo wote wako upande mmoja, isipokuwa mimi.

21 Machi

Mzigo wa wateja umetoka kwenda bandari ya Huangpu. Kontena ni letu la kuchangia watu sita, kila mtu na alama yake kwenye katoni. Pembeni mwa mlango nilikuwa nimeacha nafasi ya taa za Derick. Mpakiaji akauliza aweke nini. Nikasema jaza ndala.

23 Machi

Leo ameletwa mkalimani. Nilikuwa kwenye kiti changu cha kituoni alipoingia msichana wa Kichina, miwani, koti la mvua la njano. Akanitazama, akanijia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Nilishtuka. "Marahaba."

"Jina langu ni Chausiku. Nilipewa na mwalimu wangu wa Kiswahili chuoni. Naomba radhi kwa kuchelewa, nimetoka safari ya mbali kwa treni. Mgonjwa hajambo?"

Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata mkunjo. Alisema yeye hawezi kumtetea mtu, kazi yake ni kusema kilichosemwa. Nikamwambia hicho tu kinatosha. Baadaye nilifikiri nimesema hivyo kwa nini, mimi niliyetaka asaini.

Walikaa ndani tangu asubuhi mpaka mchana umekwisha. Pierre alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa maua na kurudi, kutoka mlangoni hadi ua. Mimi nilitazama saa ya ukutani na sikusoma ilikuwa saa ngapi.

Chausiku alipotoka macho yalikuwa mekundu kwa uchovu. Haruhusiwi kueleza. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Kaka yetu anajua kusikiliza," akaenda.

24 Machi

Wamemwachia. Naandika kama alivyonisimulia akila ugali kwa mkono wa kushoto.

Chausiku alimsomea maelezo yote, mstari kwa mstari. Pale palipoandikwa ameelekeza silaha, Derick akasema hapana, niliinua kifaa kuonyesha risiti. Yule polisi mtu mzima akauliza risiti gani. Wakaileta taa, ikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Wakaigeuza. Risiti ilikuwa pale pale chini ya mtutu, wino umetawanyika kwa mvua lakini mhuri wa duka unasomeka. Hakuna aliyekuwa ameigeuza tangu siku ile. Wakaita laoban wa duka kwa simu, akathibitisha.

Halafu wakamwita yule kijana. Wakamuuliza mbele ya Derick, alikuelekezea? Kijana akasema mtutu ulipanda, na yeye hakungoja kuona unakwenda wapi.

"Alisema kweli," Derick akaniambia. "Hata ningekuwa mimi nisingengoja."

"Unamtetea?"

"Simtetei, dada. Nasema kilichotokea. Ndicho nilichokuwa nakidai."

Maelezo yakaandikwa upya. Aliinua kifaa chenye umbo la silaha, hakuelewa amri, hakumtishia mtu. Akasomewa tena, akasaini kwa kushoto, saini ya mtoto wa chekechea. Taa imebaki kwao. Ameonywa kwamba kitu chenye umbo hilo hakitembezwi barabarani, awe na risiti au asiwe nayo. Visa imefupishwa. Siku zilizobaki ni za kufunga begi tu, lakini hakufungwa wala hakupigwa marufuku.

Nilimwambia, "Ningekuwa mimi ningesaini ile ya kwanza."

"Najua," akasema. Akaendelea kula.

27 Machi

Ameondoka. Uwanja wa ndege alinikumbatia kwa mkono mmoja. Alisema, "Dada, njoo umwone mama alipolala. Tumepanda maua ya njano." Nikasema nitakuja msimu ukiisha. Nimesema hivyo miaka saba.

28 Machi

Godoro nimelisimamisha ukutani. Limelowa upande wa nyuma.

5 Aprili, Pasaka

Misa ndefu. Nimemwombea Derick, nimemwombea mama, maneno yametoka na kurudi.

12 Aprili, Jumapili

Pierre amefundisha tena. Safari hii kabla ya ya kwanza kuna nyingine. Amewafanya wageni washike chochote walicho nacho, mwavuli, chupa, mfuko wa viatu. "Mbele ya yote unaweka chini," anasema. "Pole pole. Unarudi nyuma. Mikono inaonekana. Kisha unafungua mdomo. Droit yako haitoroke, itakungoja."

Kijana mmoja akacheka, "Sasa chupa ya maji nayo ni bunduki?"

Pierre hakucheka. "Weka chini," akamwambia.

Nilikaa nyuma na chai yangu. Sikuvaa kofia. Mtu huyu nimemwona miaka yote na leo ndiyo nimemwona. Anavaa shati lile lile kila Jumapili ya mafunzo, limefuliwa hadi kola imekatika.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua. Liuhua maji yameingia madukani, nimevua viatu.

29 Aprili

Kiwanda cha taa kimesema mei you. Hakuna tena, hawauzi nje kidogo kidogo. Nimemtumia Derick. Amejibu kwa kidole gumba.

17 Mei, Jumapili

Sauti kutoka kwa Derick, ndefu. Kwanza kuku, halafu upepo, halafu yeye.

"Dada, mpunga umeanza kutia maziwa na wenyewe wamefika. Wamekuja kama moshi, wamekula ekari za upande wa mfereji. Tuko shambani wote, hata baba. Mimi napiga debe kwa kushoto. Mkono umeunga lakini haunyooki, daktari wa Mbeya anasema utabaki hivyo. Usihuzunike. Nusu tutavuna."

Nyuma yake nilisikia wanawake wanapiga kelele za kufukuza ndege. Kuna namna ya kwetu, unaanza juu na kuivuta hadi pumzi iishe. Mama alikuwa anajulikana kwa hiyo. Nilitega sikio nimtafute. Nimeirudia mara nyingi. Hayumo.

Usihuzunike, kaniambia. Ningekuwa na huzuni ningempa hata yeye.

18 Mei

Fulana za mteja wa Dodoma zimekosewa rangi. Nimezirudisha.

2 Juni

Joto. Sasa kuta zimekauka, watu ndio wanatoka jasho.

6 Juni

Leo asubuhi nilikuwa napita Dengfeng na bando la fulana begani, sampo za mteja, risiti imebandikwa juu yake kama kawaida. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu. Chini ya zile ngazi nikasikia, "Pasipoti."

Alikuwa yeye, yule polisi kijana. Kofia ilikuwa inachuruzika maji. Sidhani kama alinitambua mara moja.

Kwa miaka saba mkono wangu umekwenda kwenye pochi kabla kichwa hakijafikiri. Leo haukwenda. Niliteremsha bando, polepole, nikaliweka chini kwenye maji yanayotembea. Nilijua fulana zimekwisha. Nikaweka na mwavuli. Nikarudi nyuma hatua moja, nikafungua viganja vyote viwili mvua ikavijaza. Ndipo nikatoa pasipoti na kumpa. Na nikasema ile sentensi ya Derick, tafadhali nionyeshe kitambulisho chako. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

Alinitazama. Nilidhani atakasirika. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifua, akatoa kitambulisho chake, akakishika mbele ya macho yangu na mkono mwingine akaukinga juu yake kisilowe. Nikakisoma. Picha ilikuwa yake akiwa hajanyoa vizuri. Nikasema asante. Akasoma pasipoti yangu, akanirudishia.

Halafu akasema kitu kwa Kichina cha taratibu, ili nielewe. "Mdogo wako. Mkono?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Niliyaandaa tangu Machi, mengine nilishayafasiri kabisa. Yote yalikuwepo mdomoni.

"Umeunga," nikasema. "Haunyooki."

Akaitikia kwa kichwa. Akaitazama ile ngazi. Akaniinulia bando kutoka kwenye maji, akaniwekea begani, akaenda zake.

Nilitembea mpaka mlango wa Abdulwakil. Nilikaa sakafuni kwake katikati ya makasha ya simu, nikalia. Nililia kwa sauti, ile ya kwetu ya shambani, nikaivuta hadi pumzi ikaisha nikaianza tena. Nilimlilia mama. Nililia mkono wa Derick, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kidogo hivi, kuomba na kuonyeshwa, na yeye alikiomba kwa heshima kuliko mimi. Wateja walitoka. Abdulwakil akafunga mlango nusu, akaniletea kiti ambacho sikukikalia, akachuchumaa.

"Nimewaona pale," akasema. "Dada Herieth, kakufanya nini yule?"

"Hajanifanya kitu," nikamwambia. "Amenionyesha kitambulisho."